Kabla ya Kuomba Fedha za Vitabu

Kila muhula unapoanza, sisi wa kamati ya msikiti huwapokea wazazi wanaoomba msaada wa fedha za vitabu kwa ajili ya vijana wao walio vyuoni. Hatuyadharau maombi hayo. Tunajua ada ilivyo nzito. Lakini tukiwauliza vijana wenyewe namna wanavyoitumia maktaba, jibu halibadiliki: huingia kutafuta utulivu, umeme na intaneti, wakajisomea madaftari waliyokwenda nayo. Rafu hawazigusi, na mkutubi kwao ni mlinzi wa ukimya tu.

Ndugu wazazi, hapo ndipo neema inapopita mikononi mwetu. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa ili ibebe vitabu 800,000. Ni familia gani iwezayo kununua hata sehemu ndogo ya hazina kama hiyo? Tena mkutubi ni msomi wa fani yake. Humfundisha mwanafunzi kutafuta katika katalogi, na humwelekeza kwenye majarida ya kitaaluma ambayo chuo kimekwisha kuyalipia. Penye mpangilio wa Dewey, ajuaye kuwa vitabu vya Uislamu vimo katika namba 297 hapotei kati ya rafu.

Basi kijana akirudi likizo, tusimuulize matokeo pekee. Tumuulize pia: umeazima kitabu gani, na mkutubi umemuuliza nini? Nasi kamati, inshallah, kidogo tulicho nacho tutakielekeza kwa kile ambacho maktaba haina.