Walioko, Walioondoka na Wapitao

Mtu akiniuliza Fizi ina watu wangapi, nami humuuliza: wa mwaka gani, na waliohesabiwa na nani? Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984, enzi za Zaire ya Mobutu. Watoto walioandikwa wakiwa mgongoni mwa mama zao leo wanaoza mabinti. Tangu hapo tunaishi kwa makadirio: hesabu za chanjo kutoka zoni za afya za Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge, orodha za kugawa vyandarua, na madaftari ya machifu wa vijiji, ambayo mengine yalipotea vitani. Tunachokijua barabara ni ukubwa wa ardhi: kilometa za mraba 15,788, teritwari ya pili kwa ukubwa katika Kivu Kusini. Belize, nchi kamili ya Amerika ya Kati yenye bendera na bunge lake, haifiki hata mara moja na nusu ya eneo hilo, nayo ilihesabu watu wake mwaka 2022 ikapata karibu 400,000. Naitaja kwa sababu mfadhili mmoja aliwahi kunionyesha taarifa kuhusu nchi hiyo, nzuri ajabu, akataka niandike na ya Fizi kwa mtindo uleule: jiografia sura yake, idadi ya watu sura yake, misitu sura yake. Mimi huchora ramani za misitu ya jumuiya, na huku kwetu sijaona mahali ambapo sura hizo tatu zinakubali kuachana.

Anza ziwani. Maji ya Tanganyika yako kwenye mwinuko wa mita 770 hivi, na Baraka imekaa ndani ya ghuba ya Burton, rasi ya Ubwari ikiikinga upande wa mashariki. Ukanda huu wa pwani ni mwembamba, umejaa michikichi, mihogo na watu. Barabara ya taifa nambari 5 ikiacha ziwa na kupanda kwenda Fizi-kati, nyumba zinapungua, nyasi na miti inaanza. Kaskazini kuna Itombwe, ambako mlima Mohi unapita mita 3,400. Kusini kuna Kabobo, ambako watafiti walioingia mwaka 2007 walikuta vyura na wanyama wadogo ambao sayansi haikuwa na majina yao. Nyuma ya milima ni Lulenge na Ngandja, na dhahabu ya Misisi inayovuta vijana kutoka kila upande.

Sasa chukua picha ya satelaiti. Inaonyesha kijani kizito mahali fulani juu ya Mutambala, na mtaalamu aliye mbali anaandika: msitu wa asili, haujaguswa. Mimi nafika pale na wazee, GPS mkononi, na hatua chache ndani ya kivuli mzee mmoja anasimama mbele ya mchikichi mrefu uliosongwa na miti. Mbele kidogo kuna mwingine, halafu mwembe. Mwembe hauoti msituni kwa bahati. "Mwanangu, andika," ananiambia, "hapa ni kwa baba yangu, na lubunga, nyumba ya baraza, ilikuwa pale." Mwaka 1996 vita vilipoingia, vijiji vizima vilivuka ziwa hadi Kigoma, na wengi wakaishia kambi ya Nyarugusu. Miaka mingi hakuna jembe lililogusa udongo huu. Msitu ukarudi. Walioanza kurejea kwa meli mnamo 2005 walipofyeka tena mashamba yao, kwenye picha wakaonekana wavamizi wa msitu. Kwa hiyo siku hizi kabla ya kuwasha GPS huwauliza wazee ni nani alikaa wapi, na aliondoka mwaka gani.

Hata hivyo, sitaki kuwatetea watu kupita kiasi. Miti inakatwa, tena kwa kasi. Baraka inapika kwa makaa, na magunia yanashuka kwa pikipiki tangu alfajiri. Samaki nao hukaushwa kwa moshi. Mwaka 2015 Warundi waliokimbia machafuko kwao walipokelewa Lusenda, baadaye na Mulongwe, na vilima vya jirani vikaanza kutafutwa kuni na mikono mingi zaidi. Wenyeji walinung'unika, nao wakimbizi walikuwa na haki ya kuuliza: tutapikia nini? Ukigawa chakula cha mihogo na maharage bila moto wa kukiivisha, msitu umeshaupangia kazi.

Sheria inatupa nafasi. Dikrii ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jumuiya kuomba msitu wake wa kimila hadi hektari 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda. Tunalo pia funzo la Itombwe: hifadhi ilitangazwa mwaka 2006 kwa waraka wa waziri, watu wakiwa hawajaulizwa, ikachukua miaka kumi ya mabishano na kutembea mipaka hadi mwaka 2016 mkoa ukakubali mipaka iliyochorwa pamoja na wenyeji.

Kinachonitoa jasho zaidi ni orodha ya wanajumuiya, kuliko hata mpaka. Familia iliyobaki Nyarugusu ni mwanajumuiya? Wazee wanasema ndiyo, makaburi yao yako hapa. Watwa wanaoujua msitu kuliko sote, lakini hawaitwi kwenye kikao? Nimewahi kukataa kuanza kikao hadi waitwe, na sijutii. Na wafugaji wanaoshuka na ng'ombe wakati wa kiangazi, wakarudi juu mvua zikianza? Nikiwaacha nje, ramani yangu itapiganiwa Julai. Nikiwaandika kama wenyeji, itapiganiwa siku hiyohiyo.

Orodha ya karibuni niliipeleka na safu tatu: walioko, walioko ng'ambo, na wapitao kwa msimu, pamoja na miezi yao. Karani akaniambia fomu ina safu moja tu. Nikajaza ile moja, nikabana karatasi yangu nyuma yake, nikamwomba aigonge mhuri nayo.