Kodi ya Kimara, Nauli ya Maili Moja

Mwaka 2008 nilikuwa nimepanga chumba Kimara Mwisho, shilingi 35,000 kwa mwezi, choo cha nje, mlango unaotazama mgomba wa jirani. Sikuwa na ugomvi na mtu, mpaka mama mwenye nyumba alipotaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mimi nilizoea miezi sita. Dalali niliyemwendea alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama viatu vyangu, akasema, "Kaka, kwa hela hiyo usitafute chumba. Panda gari."

Alimaanisha Barabara ya Morogoro. Akaanza kunitajia vituo kama kondakta: Temboni, Kwa Msuguri, Mbezi Mwisho, Kibamba, Kiluvya, Maili Moja, Visiga, Mlandizi. Kila akitaja kituo alipunguza elfu mbili tatu. Alipofika Maili Moja, pale Kibaha, pesa ya chumba changu ikawa chumba na sebule, tena inabaki chenji, na uani mwembe. Nikamlipa kodi ya mwezi mmoja, ambayo ndiyo haki ya dalali, nikafunga godoro.

Kutoka Kimara hadi Kibaha hazifiki kilomita 20. Mtu mwenye miguu mizuri angeweza kutembea siku moja na kurudi. Mwanzoni nilidhani bei inafuata umbali tu, kwamba ukienda mbali na Kariakoo, nyumba inashuka. Baada ya miezi mitatu nilianza kuona kwamba kuna jambo jingine. Majirani zangu Maili Moja hawakuwa watu wa Kariakoo. Walikuwa walimu, wauguzi wa hospitali ya Tumbi, makarani wa mkoa, kwa sababu Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Wao walikwenda kazini kwa miguu au baiskeli, na mwenye nyumba alipanga kodi akitazama mshahara wa mwalimu. Kule Mbezi, mwenye nyumba alitazama mfuko wa mwenye duka Kariakoo. Kati yao kulikuwa na kibao cha mpaka wa mikoa pale Kiluvya, na wapangaji wa aina yangu, tunaolala kwa bei ya Pwani na kutafuta riziki kwa bei ya Dar es Salaam.

Nilidhani nimewazidi ujanja. Kumbe tofauti ya kodi nilikuwa naiacha barabarani. Nilipanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Niliamka saa kumi alfajiri, maana ukichelewa kidogo tu, foleni ya Mbezi hadi Ubungo inakula asubuhi yote. Nilipiga hesabu kwenye daftari mwisho wa mwezi: kilichobaki ni hela ya sukari kilo chache, na macho mekundu. Niliendelea kukaa kwa ajili ya mwembe. Na maji, nisiseme uongo. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, na bomba lake linakuja Dar kwa kufuata barabara hii hii. Maji yalikuwa yakitupita sisi wa bei rahisi kwenda kwa wa bei ghali, lakini kwenye vilima vya Kimara ndiko nilikowahi kununua maji kwa dumu wiki nzima.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza, na mwisho wake ukawa Kimara. Nilipita kumsalimia mama mwenye nyumba wangu wa zamani. Alikuwa ameweka vigae, amevuta choo ndani, chumba kinaitwa masta. "Mwanangu, sasa hapa ni mjini," aliniambia, na bei yake ilisema hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata zikaja alama nyekundu za X. Hifadhi ya barabara ilipimwa mita 121.5 kila upande, na nyumba zilizokuwa ndani ya kipimo hicho zikaangushwa, zikiwamo za watu waliokaa miaka mingi. Sitaki kulipitia jambo hilo haraka, lakini sina maneno yake. Niliona mtu akichomoa milango yake mwenyewe kabla ya tingatinga kufika. Wapangaji waliovunjiwa walitafuta vyumba nyuma ya mstari, wote mwezi mmoja, na kodi za nyuma zikaruka. Nyumba ya yule mama ilikuwa safu ya tatu kutoka lami. Kulipokucha ilikuwa barabarani. Vyumba viwili vya mbele alivitoboa akavifanya fremu za maduka.

Kisha barabara ikapanuliwa kuelekea Kibaha, na Februari 2021 stendi kuu ya mabasi ya mikoani ikahama Ubungo kwenda Mbezi Luis. Gesti, mama lishe, mawakala wa tiketi, vijana wa kubeba mizigo, wote wakataka pa kulala karibu. Mbezi, ambako zamani dalali alinitajia kama njia tu, kukawa ghali kuliko Kimara niliyoikimbia. Safari yangu ya asubuhi ilipungua karibu nusu. Nikafurahi kwa miezi miwili hivi. Jumapili moja baba mwenye nyumba wa Maili Moja alibisha hodi, akaketi chini ya mwembe, akaulizia watoto, akaulizia kazi, kisha akasema taratibu, "Barabara imekuja, baba." Nikajua.

Nikanunua kiwanja Kiluvya ndani, 20 kwa 20, kilichopimwa kwa hatua za miguu na kuandikiwa karatasi serikali ya mtaa. Nilikipata kwa bei ya chini kwa sababu ya korongo. Ng'ambo ya korongo, hatua mia hivi kuelekea lami, kiwanja kama changu kiliuzwa karibu mara mbili. Upande wangu masika ikiingia bodaboda walikuwa wakikataa kuvuka.

Mwaka juzi tuliitana kuchangia kalavati. Kila kaya ilitaja chake. Ilipofika zamu ya kijana aliyepanga nyumba ya jirani yangu, anayeuza vifaa vya simu Kariakoo, alitabasamu akasema, "Wazee wangu, nichange ili nipandishiwe kodi?" Watu wakacheka sana. Mwenye nyumba wake naye alicheka, akitazama chini.

Tulichanga bila yeye. Kalavati liliwekwa kabla ya mvua, na boda wa kwanza alivuka akipiga honi kama bwana harusi. Mwezi wa tatu yule kijana alinisimamisha njiani, kofia ngumu mkononi, akaniuliza vyumba vya Visiga vinakwendaje siku hizi.