Kibao cha Reli Kilichommeza Fahali wa Mjomba

Mpenzi msomaji, ukikutana na mtu Malaba akikuuzia kibao cha shaba na kuapa kuwa kilitoka kwenye garimoshi la kale, usitie mkono mfukoni kabla ya kusikia yaliyompata mjomba wangu kule Bukhayo.

Aliuza fahali wake akanunua vibao viwili: kimoja kimeandikwa MOUNT SHENGENA, kingine nambari 5918. Aliambiwa Wazungu huvinunua kwa bei ya shamba. Kweli, huko Uingereza vibao vya injini hupigwa mnada kwa maelfu ya pauni. Karo ya binti yake wa sekondari ilitegemea faida hiyo.

Alinituma niulizie Nairobi. Katika makavazi ya reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, niliikuta injini 5918 yenyewe. Ni mojawapo ya 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester mnamo 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzani wa zaidi ya tani 250. Zilipewa majina ya milima. Lakini lo! 5918 ni Mount Gelai. Mount Shengena ni 5930. Isitoshe, injini hizo zilifanya kazi hasa kati ya Mombasa na Nairobi, si Malaba.

Niliporudi nilivigeuza vibao. Nyuma vilikuwa laini kama sahani mpya, na matundu ya bolti hayakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kibao kilichosafiri miaka mingi hakikosi makovu. Tena kuna kipimo: anayeunda nakala kwa kufuata kibao halisi hupata kilicho kifupi zaidi, kwa kuwa shaba hunywea ikipoa. Cha sentimita 60 hupungua karibu sentimita moja.

"Basi ningepata cha kweli ningetajirika," mjomba akaguna.

"Mjomba," nikamjibu, "cha kweli kisicho na karatasi ya kuonyesha kilivyotoka mikononi mwa reli huenda ni cha wizi. Cha bandia kimekula fahali. Hicho kingekula uhuru wako."

Alinyamaza. Karo tuliichangisha sisi jamaa, na binti yuko darasani.

Kwa hivyo, msomaji, kabla ya kuuliza bei ya kitu cha kale, uliza kilitoka wapi. Muuzaji akigugumia, funga mkoba wako, uende zako.