Duka Langu Halina Mlango, Lakini Lina Saa ya Kufungwa

Msomaji mpendwa, je, umewahi kuamka alfajiri, ukaoga, ukafunga tai, ukanywa chai mbiombio, kisha ukiwa umeshika kitasa cha mlango ukakumbuka kwamba huna kazi ya kwenda? Mimi yalinipata hayo Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu, mwaka 2021. Nilirudi chumbani taratibu, nikaivua tai ile kabla mjukuu wangu hajaniona.

Nilikuwa mkutubi wa shule. Mwaka 2009, serikali ilipoongeza umri wa kustaafu wa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60, niliiona ile miaka mitano ya ziada kama haitakwisha kamwe. Lakini siku hazigandi. Ilipokwisha, mke wangu alikuwa ameshanitangulia kaburini, na binti yangu akasema sitakaa peke yangu. Akanileta katika nyumba yake ya kupanga hapa Spring Valley, karibu na Barabara ya Lower Kabete.

Spring Valley ni mahali pazuri. Miti ni mingi, ndege wanaimba, na kelele za Westlands husikika kwa mbali tu. Lakini nikwambie ukweli: kwa mzee asiye na kazi, uzuri huo una upweke wake. Kule mashambani mstaafu huketi chini ya mti akaamua kesi za mipaka ya mashamba. Hapa nyua ni ndefu na malango yamefungwa. Unaweza kukaa tangu asubuhi hadi adhuhuri usisalimiane na mtu isipokuwa mlinzi wa langoni.

Mali niliyokuja nayo ilikuwa makatoni ya vitabu. Mengine yaliongezeka hapa hapa, kwa kuwa familia zinazohama huacha vitabu vingi. Na kila niliposhuka katikati ya jiji sikuweza kuvipita vile vinavyotandazwa chini kando ya njia, ambavyo mtu huvinunua akiwa ameinama. Binti yangu alipochoka kujikwaa, akaniambia, "Baba, fungua duka la mtandaoni. Utapata la kufanya, nasi tutapata pa kupita."

Nililipenda wazo hilo kupita kiasi. Nilichota sehemu ya kiinua mgongo changu nikamlipa kijana mmoja anitengenezee tovuti. Nilimwambia nataka kitu cha fahari. Akaniwekea muziki, picha zinazocheza, na picha yangu kubwa nikiwa nimevaa tai ile ile. Vitabu nilivipanga mwenyewe kwa utaratibu wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeuchapisha mwaka 1876, na ambao ndio niliouishi kazini. Fasihi ya Kiswahili nikaiweka mahali pake, 896.392. Nilipomaliza nilijipongeza.

Miezi mitatu ikapita. Wateja walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa binti yangu.

Aliyenifumbua macho ni mlinzi wa lango letu. Jioni moja nilimwomba ajaribu kutafuta katika simu yake kitabu cha hadithi cha kumfaa mwanawe. Nilisimama kando nikanyamaza. Alisubiri ile picha yangu ifunguke, akasubiri tena. Akabonyeza huku na kule. Mwishowe akanirudishia macho na kusema, "Mzee, mimi nataka kitabu cha mtoto wa Gredi ya Nne. Hizi namba ni za nini? Na bando langu limekwisha."

Msomaji, dakika zile tano zilinifunza zaidi ya miezi yote mitatu. Nilikuwa nimejijengea duka mimi mwenyewe! Lilikuwa limepangwa kama kichwa cha mkutubi, si kama haja ya mzazi. Mzazi hatafuti 896.392. Anatafuta "hadithi, Gredi ya Nne, isiyozidi shilingi 200".

Basi nikabomoa na kujenga upya. Niliyojifunza nakupa bure, kwa maana huenda nawe una shanga, maua, keki au vikapu vya kuuza.

Kwanza, panga bidhaa kwa maneno ya mnunuzi, na uweke mahali pa kuandika anachokitafuta. Pili, ukurasa uwe mwepesi. Wateja wengi watakuja kwa simu, na wanalipia kila picha wanayoifungua. Muziki niliufuta, na tai yangu ikaenda nao. Tatu, piga picha ya kitu chenyewe, si ya kingine kinachofanana nacho. Kama jalada limechanika, onyesha pale palipochanika. Nilidhani wateja watakimbia. Kumbe hapo ndipo walipoanza kuniamini.

Nne, bei iwe wazi pamoja na gharama ya kufikisha mzigo: kiasi gani kwa bodaboda hapa jijini, kiasi gani kwa matatu ya kwenda mashambani. Mteja akigundua gharama nyingine mwishoni, huondoka asirudi. Tano, malipo yasiwe mlolongo. Lipa na M-Pesa ilipoanza mwaka 2013 ilituzoesha kulipa kwa hatua chache, na mteja hana subira ya kujaza fomu ndefu. Usimwulize lisilokuhusu. Jina, simu na mahali pa kumpelekea mzigo vinatosha, na hata hivyo uvitunze, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimsazi mwenye duka dogo.

La sita nililipata kwa uchungu. Mwaka 2023 mama mmoja wa Kakamega aliniagizia riwaya ya Kiswahili kwa ajili ya binti yake aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne. Ukurasa wangu ulisema tu "Riwaya teule ya Kiswahili". Nikampelekea Chozi la Heri, ambayo ilitahiniwa mara ya mwisho mwaka 2022. Mwaka ule watahiniwa walikuwa wamehamia Nguu za Jadi. Msichana yule alisoma kitabu kisicho chake majuma mawili mazima kabla mwalimu hajakiona.

Mama hakunitukana. Aliandika maneno mawili tu: "Mwalimu, nilikuamini."

Nilimrudishia fedha zake, nikanunua Nguu za Jadi nikampelekea kwa gharama yangu. Lakini majuma mawili sikuweza kumrudishia. Tangu siku hiyo kila kitabu changu cha shule kina maelezo ya mwaka, toleo, na mtaala. Hili ni muhimu hasa wakati huu wa mabadiliko: KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, na KCSE ya mwisho ya 8-4-4 imepangiwa mwaka 2027. Kitabu kilichomfaa kaka huenda kisimfae mdogo wake. Mteja wa mtandaoni hawezi kukipekua kitabu kwa mkono, kwa hiyo maneno yako ndiyo mikono yake. Na pale juu kabisa niliandika: kitabu kikikupotosha, kirudishe, gharama ni yangu.

Duka likaanza kutembea. Hapo ndipo lilipozuka tatizo ambalo hakuna aliyenionya juu yake.

Unajua, msomaji, kwamba miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kununua vitu vya nyumbani kwa njia ya mitambo alikuwa mzee mwenzangu? Mwaka 1984, mjini Gateshead, Uingereza, bibi wa miaka 72 aitwaye Jane Snowball aliketi nyumbani kwake na kwa kutumia televisheni na kidude cha mkononi akaagiza majarini, mayai na konifleksi. Mtambo ule ulitokana na kazi ya Mwingereza Michael Aldrich, na ulipelekwa kwa wazee ili kuwapunguzia safari. Jambo jema hilo. Lakini duka langu mimi lilinifungia chumbani.

Duka la mtandaoni halina mlango wa kufunga. Simu ililia saa nne usiku, nikajibu. Ikalia alfajiri, nikajibu. Niliacha kwenda kutembea katika msitu wa Karura, ule ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 ili sisi tupate pa kupumulia. Niliacha kumpigia simu rafiki yangu wa tangu shule. Nilijiambia, "Nina kazi!" na nikafurahi, kwa sababu mstaafu huogopa sana kuonekana hana kazi.

Mjukuu wangu alikuwa na desturi ya kushuka kwenye basi la shule na kunikuta nimeshapanga vizibo vya soda kwa ajili ya mchezo wetu wa drafti. Alasiri moja alikuja, akapanga vizibo mwenyewe, akangoja. Nilikuwa najibizana na mteja kuhusu kamusi. Alingoja hadi kiza kikaingia. Kisha akaniuliza kwa adabu, bila kulalamika, "Babu, duka lako hufungwa saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimtazama nikamkumbuka marehemu mke wangu, ambaye aliningoja hivyo hivyo miaka mingi nikiwa nafunga maktaba. Yeye nilimwahidi kwamba tutakaa pamoja nikistaafu. Hakufika.

Kesho yake niliandika kwenye ukurasa wa duka: "Tunajibu Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri." Niliogopa kwamba nitapoteza wateja. Wachache waliondoka. Wengi walizoea, maana mteja hukasirishwa na kutojua atajibiwa lini kuliko kungoja. Asubuhi moja kila juma ni ya Karura. Jumamosi ni ya kutafuta vitabu, na hapo huongea na watu ana kwa ana. Jumapili simu hulala kabatini.

Fedha ninazopata si nyingi. Haziwezi kujenga ghorofa, lakini hunisaidia kuchangia umeme wa nyumba hii bila kumwomba binti yangu hata senti. Kwa mzee, heshima hiyo si kitu kidogo.

Basi wewe unayekaribia kustaafu, usikichome kiinua mgongo chako kwa fahari kama nilivyofanya. Anza padogo, umpe jirani simu ajaribu kununua, nawe unyamaze utazame. Nawe mwanafunzi unayejua mambo ya kompyuta, babu yako akikuomba umtengenezee duka, usianze na rangi wala muziki. Mwulize maswali mawili: nani atakayeingia, na litafungwa saa ngapi?

Mimi langu hufungwa saa tisa. Basi la shule hufika saa kumi, na vizibo huwa vimeshapangwa.