Nyundo si Dawa ya Hesi

Mzee mmoja wa Kajiado alikuwa na katapila kuukuu la kuchimbia silanga. Siku moja mwanawe alitaka kung'oa gurudumu la meno livutalo mnyororo, naye aliigonga ncha ya ekseli kwa nyundo bila kuacha nati juu yake. Hesi, yaani ile mikato ya mzunguko inayoshika nati, zikalala. Mvua za Machi zilikuwa karibu, na silanga haijafika nusu.

Mzee aliipeleka ekseli Kitengela. Fundi wa kwanza alitaka kuilazimisha nati iingie, kisha aichomelee. Ingekuwa kazi ya nusu saa. Lakini nati iliyochomelewa haifunguki tena pasipo kukatwa, na moto ule huweza kukitia ufa chuma kilichokomazwa.

Fundi wa pili alisema, "Mzee, niachie mpaka jioni." Aliiosha ekseli kwa mafuta ya taa, akapima hesi zake. Kipimo kilikuwa cha lazima, kwa maana hesi za Kiingereza, alizozipanga Joseph Whitworth mwaka 1841, zina pembe ya digrii 55, na za Kimarekani zina digrii 60. Mwaka 1948 ndipo Uingereza, Marekani na Kanada zilipokubaliana kipimo kimoja. Kwa hiyo nati ya dukani yaweza kulingana na ekseli ya zamani kwa unene, na bado isiingie.

Alipopata nati iliyo sawa, aliipasua vipande viwili, akavibana juu ya hesi za ndani ambazo nyundo haikuzifikia. Akavizungusha kuelekea nje kidogo kidogo, mbele na nyuma, huku akitia mafuta. Hesi nzima zikaziongoza zile zilizolala. Palipobaki ukali akapitisha tupa ya hesi. Kama zingalikuwa zimelika zote, ingalibidi kujaza chuma na kukereza upya.

Jioni nati mpya iliingia kwa vidole, na mzee akarudi Kajiado kabla ya mvua.

Huko Kongwa, Tanganyika, matrekta yaliyosalia vitani yaliletwa mwaka 1947 kwa kilimo cha karanga, na mpango ule ukaachwa mwaka 1951. Miongoni mwa sababu ni kuharibika kwa mashine na uhaba wa vipuri na mafundi. Basi mwenye mashine kuukuu aanze na jambo dogo: asiinue nyundo kabla ya kurudisha nati juu ya ncha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.