Habari ya Karatasi Tuliyopewa Njiani

Wengi wenu mlisikia kwamba tulipelekwa mahakamani kwa habari ya motakaa. Wengine mmetuuliza kwa upole, na wengine mmewauliza jirani zetu badala yetu. Basi twaona ni vema kuliandika jambo lote jinsi lilivyokuwa, tusije tukahesabiwa haki tusiyo nayo, wala kosa tusilo nalo.

Ilikuwa mwezi wa Juni mwaka 2025. Tulikuwa tumekwenda Kasulu kuzika, na siku ya pili tukarudi kwa motakaa ndogo ya kuazima, mali ya mzee mmoja wa kanisa letu. Ndani tulikuwa watano: sisi wawili, mume na mke, na bibi yetu wa ukoo, na vijana wawili tuliowapa nafasi. Mmoja wetu alishika usukani. Ni yupi, si kitu, maana mfuko wa nyumba yetu ni mmoja.

Ninyi mlioijua njia ile zamani mtakumbuka vumbi lake jekundu, na matope ya masika, ambapo mtu aliyeondoka Kasulu asubuhi hakuweza kuahidi kulala Kibondo. Leo kuna lami, ile barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, ambayo urefu wake wapita kilomita 260, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Twashukuru sana kwa ajili yake. Walakini lami imeleta na mambo yake. Zamani mashimo ndiyo yaliyokuwa askari wetu, nayo hayakuandika karatasi.

Tulikwisha kupita Makere, tukaingia kijiji kimoja ambacho hatutakitaja. Mwanzo wa kijiji kuna kibao chenye mduara mwekundu na hesabu ya 50, yaani usizidi kilomita hamsini kwa saa. Mwisho wa kijiji kulikuwa na kibao kingine, chenye 50 iliyokatwa kwa mistari, kumjulisha dereva kwamba amefunguliwa. Siku ile nguzo ilikuwapo, lakini kibao chenyewe hakikuwapo. Sisi tulipajua mahali pale, kwa hiyo tulipofika kwenye nguzo hatukuwa na shaka kwamba tumetoka kijijini. Mbele, kwenye kona, chini ya mwembe, akatokea askari wa usalama barabarani akatupungia mkono.

Alitusalimu vizuri. “Shikamoo, mwalimu. Habari za safari?” Tukaitika, naye akatuonyesha ile tochi yao, chombo cha kupimia mwendo. Ndani yake ilionekana picha ya motakaa yetu, na chini yake hesabu mbili: mwendo 71, na umbali mita 140. Akasema, “Hapa ni 50, mwalimu.” Tukasema, “Afande, 50 imekwisha pale kwenye nguzo.” Akatazama nyuma akasema, “Mimi sioni kibao. Pasipokuwa na kibao, 50 haijaisha.” Mmoja wa wale vijana akatunong'oneza tumpe ya maji, tuondoke zetu. Hatukumpa. Twapenda kusema ni kwa sababu ya dhamiri tu, lakini ukweli ni kwamba tulikuwa na hasira pia, na mtu mwenye hasira hatoi kitu hata kiwe cha haki.

Akaandika kosa, faini shilingi 30,000. Na hapa liko jambo ambalo wengine wenu hamlijui: deni lile huandikwa kwa namba ya motakaa. Kila askari atakayeitazama namba ile kesho na kesho kutwa ataliona. Basi hatukuleta deni nyumbani kwetu, tuliliweka juu ya mali ya mzee wa watu aliyetusitiri siku ya msiba. Tulipomweleza, alinyamaza kidogo, akasema, “Haya, walimu wangu, mtaniambia.” Tungaliona nafuu kama angalitukaripia.

Usiku ule hatukulala mapema. Mmoja wetu alisema, “Tulipe, tuondoe aibu. Elfu thelathini ni nyingi, lakini kesi ni ghali zaidi.” Mwingine alisema, “Tukilipa tumekubali kosa, na kila atakayepita pale atatozwa.” Akaja mpwa wetu ambaye ni dereva wa lori, akatufundisha maneno ya kujitetea. Kwanza tuseme kwamba askari alisimama kando ya njia, kwa hiyo tochi ilizidisha. Pili tuseme kwamba labda ilipima chombo kingine.

Tukaona afadhali kujifunza kwanza tochi hufanyaje kazi. Nyingi za namna ile hupeleka mwanga usioonekana kwa macho, ukapiga motakaa ukarudi, mara nyingi sana katika sehemu ndogo ya sekunde moja. Kwa kupima jinsi umbali unavyopungua, chombo hujua mwendo. Kumbe mpimaji akisimama kando, hesabu hupungua kidogo, haizidi. Hoja ya kwanza ya mpwa wetu ilikuwa ikitusaidia kumwambia hakimu kwamba labda tulikuwa na mwendo zaidi ya 71! Na ile ya pili ina maana kwa mbali, kwa kuwa mwanga hupanuka ukienda, hata kufikia upana wa mita moja hivi kwa mita 300, ukaweza kushika vyombo viwili. Lakini sisi tulikuwa peke yetu njiani, hata bodaboda hapakuwa. Tukaziacha hoja zote mbili. Mpwa wetu akasikitika, akatuona watu tusiojua kesi.

Ikabaki nguzo. Jumamosi tulirudi pale na kamba ya kupimia tuliyoazima kwa fundi seremala. Tukamwendea mwenyekiti wa kitongoji, tukasalimiana kwa Kiha, akatukaribisha uji, akaeleza kwamba kibao kiling'olewa usiku mmoja katika masika, na watu wadhani kiliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Akatusaidia kushika ncha ya kamba. Toka mwembe mpaka nguzo ni mita 190. Tochi yenyewe ilisema tulipimwa tukiwa mita 140 toka mwembe. Basi tulikuwa tumekwisha kuipita nguzo kwa mita 50. Na nje ya kijiji 71 si kosa hata kwa basi la abiria, ambalo limewekewa 80. Tulifurahi sana. Tuliimba njia nzima kurudi.

Tukaenda kituoni kueleza. Mkubwa wao alitusikiliza, akasema neno la haki: anayekubali hulipa, na anayekataa hupelekwa mbele ya hakimu. Yeye si hakimu. Akatuonya kwamba huko yaweza kutozwa zaidi. Tukasema tunakataa.

Mtu akikataa, ajue anachokikubali. Ule ambaye aliitwa mwalimu huitwa mshitakiwa. Husimama, husomewa, hukana, hutafuta dhamana, hupewa tarehe, na tarehe ile huahirishwa. Watoto wa darasa la tano walijua kabla sisi hatujawaambia. Tukajifariji kwa kusoma kwamba ugomvi huu ni wa kale: huko Uingereza, mwaka 1896, Walter Arnold alikamatwa katika Paddock Wood kwa kuendesha maili nane kwa saa mahali palipowekewa maili mbili, naye polisi alimfukuza kwa baiskeli akamshika. Alitozwa shilingi moja na gharama. Twaona askari wetu wa mwembe alikuwa na kazi nyepesi kuliko yule.

Sasa twafika penye uzito, na tungeweza kuliruka, maana mahakamani hakuna aliyelijua ila sisi wawili. Siku mbili kabla ya kusikilizwa, tulikuwa tukiandika maswali yetu mezani. Mmoja wetu hufundisha hesabu. Akaanza kuchora nguzo, na mwembe, na motakaa, kwa ajili ya kujifurahisha tu, akaandika 50 penye nguzo na 71 mbele yake mita 50, akakokotoa. Akanyamaza. Tukamwuliza mwenzetu, “Kuna nini?” Akasema, “Motakaa ya watu watano haiwezi kupanda toka 50 mpaka 71 katika mita 50, isipokuwa kwa kukanyaga mafuta mpaka chini. Nasi hatukukanyaga hivyo. Bibi angalipiga kelele.”

Basi ilikuwa dhahiri. Tulianza kuongeza mwendo kabla ya nguzo, penye nyumba za mwisho. Kamba ile ile iliyotutetea ikatushitaki. Aliyekuwa na usukani alikumbuka vema: alipoiona njia imefunguka mbele, mguu ulitangulia. Penye nyumba zile pana kisima, na watoto hukivukia barabara wakiwa na madumu. Kwa mwendo wa 50 motakaa hula mita 14 kwa sekunde moja. Kwa 71 hula karibu 20. Hatukumwona mtoto siku ile. Hatukumtazama pia.

Tulibishana tena. Je, tukalipe sasa, tuyamalize? Lakini lile tuliloandikiwa halikuwa lile tulilotenda. Tuliandikiwa 71 mahali ambapo 71 halali. Tukapatana kwamba tutakana tuliloshitakiwa, na tukiulizwa la pili tutalijibu. Hatukupatana kama tulitaje bila kuulizwa; jambo hilo hatujapatana mpaka leo.

Siku ya kusikilizwa yule askari alifika, amevaa vizuri, akatoa ushahidi bila kuongeza neno. Tukamwuliza, “Afande, tochi ilisema umbali gani?” Akajibu, “Mita 140.” “Na ile nguzo iko umbali gani toka mwembe?” Akafikiri, akasema, “Kama mia mbili hivi.” Twamheshimu kwa jibu lile, angaliweza kusema hajui. Mwenyekiti wa kitongoji akasimama akaeleza habari ya kibao na ya kamba.

Ndipo mwendesha mashitaka akamgeukia mwenye usukani. “Kwa hiyo, mwalimu, ulipoipita nguzo ulikuwa na 50?” Chumba kilikuwa kimya, au labda masikio yetu tu ndiyo yaliyozibika. Jibu likatoka: “Hapana, bwana. Nilikuwa nimekwisha zidisha. Nilianza penye nyumba za mwisho. Ni kiasi gani sijui, kwa kuwa sikutazama.” Mpwa wetu, aliyekuwa ameketi nyuma, alishika kichwa.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba shitaka ni la 71, na mahali pa 71 pamethibitika kuwa nje ya nguzo na nje ya nyumba. Kijiji hakiongezeki urefu kwa kuwa mtu ameiba kibao chake. Na la kabla ya nguzo halikupimwa na mtu, wala halikushitakiwa. Akatuachilia. Kisha akaweka kalamu chini akatutazama kama mzazi, akasema, “Lakini mmesikia mlivyosema wenyewe.” Tukasema, “Tumesikia, Mheshimiwa.”

Deni likaondolewa kwenye namba ya motakaa, tukampelekea mzee karatasi yake pamoja na kuku mmoja. Tulipohesabu nauli zetu, na nauli za mwenyekiti, na chakula, tuliona tumetumia shilingi 84,000 ili tusilipe 30,000. Mmoja wetu huitaja hesabu hiyo mara kwa mara, hasa tunapokula mboga bila mafuta.

Mwezi uliopita tulipita tena mahali pale. Nguzo bado haina kibao. Askari hakuwapo, na mwembe ulikuwa umechanua. Tulikwenda kwa 50 tukapita nyumba za mwisho, na kisima, na nguzo, mpaka mwembeni, huku bodaboda wawili nyuma yetu wakipiga honi kwa hasira. Na msichana mmoja mwenye dumu akasimama kando ya njia, akatungoja tupite.