Nafaka na Usafi wa Chakula

Neno safi ni dogo kwa herufi, lakini ni kubwa kwa madaraka. Maji hutiwa neno hilo yakanyweka, nguo ikavalika, moyo ukaaminika. Neno lenye madaraka makubwa namna hii lataka uangalifu katika matumizi yake, kwa sababu kila kiitwacho safi huacha nyuma yake kingine kiitwacho kichafu. Na kitu kilichokwisha kuitwa kichafu hukosa mtetezi, hata kama kimelisha watu maelfu ya miaka. Katika siku hizi neno hili limefika mezani. Umezuka mwenendo uitwao kula safi, ulioenea Marekani na Uingereza katika miaka ya 2000, kisha ukafika katika miji ya Afrika Mashariki. Miongoni mwa wafuasi wake wako wasemao kwamba nafaka, yaani mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele na ulezi, haina mahali katika chakula cha mtu atakaye usafi wa mwili. Kauli hiyo yafaa kupimwa, na mizani bora ya kupimia kauli ni maisha ya watu.

Katika wilaya ya Kondoa palikuwa na nyumba ya mume, mke na binti yao aliyekuwa akisoma chuo kikuu mjini Dar es Salaam. Mume alipatwa na maradhi ya kisukari. Habari zilipomfikia binti alihuzunika sana, kwa kuwa babu yake mzaa baba alikatwa mguu kwa maradhi hayo hayo kabla ya kufa kwake. Likizo ilipofika alirudi nyumbani na begi moja la nguo na sheria moja. Baada ya shikamoo na marahaba, kabla vumbi la safari halijamtoka miguuni, alisema: "Mama, tangu leo nafaka isipikwe tena katika nyumba hii. Nafaka ndiyo iliyomfikisha Baba hapa. Tule safi: majani, mayai, nyama, na matunda kidogo."

Mama hakujibu. Alitundika ungo ukutani, akatazama kihenge kilichojaa mtama alioulima kwa mikono yake, akanyamaza. Katika nyumba nyingine kimya huwa ridhaa. Katika nyumba ile kimya kilikuwa jeraha. Mwanamke yule alikuwa amewalisha watu wake mtama, uwele na mahindi muda wa miaka thelathini. Kuambiwa kwamba nafaka ni uchafu kulikuwa sawa na kuambiwa kwamba miaka thelathini aliwalisha uchafu. Binti hakukusudia hivyo. Mapenzi ndiyo yaliyomsukuma; lakini mapenzi yasiyo na maarifa ni chombo chenye tanga bila ya usukani: huenda kasi, wala hakijui bandari.

Haki yataka hoja ya binti isikilizwe, maana haikuwa tupu. Punje ya nafaka ina sehemu tatu: ganda la nje, ambalo likitoka huitwa pumba, kiini, ambacho ndicho mbegu ya uhai, na wanga, ambao ni akiba ya chakula cha mche mchanga. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini, ikauacha wanga. Unga utokao humo ni sembe, mweupe kama pamba, na watu huusifu kwa weupe wake. Lakini wanga ulioachwa peke yake hugeuka sukari mwilini upesi, na mwenye kisukari alaye bonge kubwa la ugali mweupe kwa mboga kidogo huutwika mwili wake mzigo usiouweza. Mkate mweupe na maandazi ni ndugu wa sembe katika jambo hili. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi kosa la binti halikuwa kuona hatari. Kosa lake lilikuwa kuushitaki ukoo mzima ilhali mwenye hatia ni mmoja.

Alikuwa na hoja ya pili, nayo ni kwamba mwanadamu wa kale hakula nafaka, kwa hivyo mwili wa mwanadamu wa leo haukuumbwa kwa ajili yake. Hoja hii ina sauti nzuri kuliko ushahidi wake. Mwaka 2009 ilitangazwa habari ya zana za mawe zilizofukuliwa katika pango la Ngalue, kaskazini ya Msumbiji. Zana hizo zilikuwa na chembe za wanga wa mtama-mwitu, na umri wake ulikadiriwa kuwa zaidi ya miaka 100,000. Ukulima wenyewe ulikuja baadaye sana, na mtama, uwele na ulezi ni mazao yaliyoanza kulimwa katika bara hili hili la Afrika. Mahindi ndiyo mgeni. Yalitoka bara la Amerika baada ya mwaka 1492. Mtu aweza kuikataa nafaka kwa sababu nyingine, lakini kuikataa kwa sababu ya ugeni wake katika kinywa cha mwanadamu ni kumfukuza mwenyeji kwa kosa la kutojulikana na mpangaji.

Sheria ya binti ilishikwa siku tatu. Nyama ilikwisha siku ya pili, na mayai yalikwisha siku ya tatu, kwa kuwa kuku hawakuarifiwa juu ya sheria hiyo. Baba alikula mlenda mtupu na papai, akameza vidonge vyake vya kushusha sukari kama kawaida, akalala. Usiku wa manane alianza kutetemeka. Jasho lilimtoka kama mtu aliyetoka mtoni, maneno yake yakavurugika, hata mkewe alipomwita hakumtambua vema. Walimpeleka zahanati kwa pikipiki, binti ameketi nyuma akimshikilia baba yake asianguke, naye mwenyewe akitetemeka kuliko mgonjwa.

Muuguzi alimpima, akampa maji ya sukari anywe taratibu, na baada ya muda mfupi macho ya mzee yakarudi katika utulivu wake. Ndipo muuguzi alipouliza alichokula. Alipoelezwa alimgeukia binti bila ya ukali, akasema: "Mdogo wangu, vidonge hivi vilipimwa kwa mtu anayekula. Ukipunguza chakula bila ya kumwambia daktari, vidonge havina habari; vitaendelea kushusha. Usiku huu sukari ya mzee haikupanda. Ilishuka mno."

Binti alilia. Alikuwa amekuja kuuokoa mguu wa baba yake, akakaribia kumpoteza baba mwenyewe.

Muuguzi yule alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno yake yalikuwa matatu: nafaka gani, kiasi gani, na pamoja na nini. Nafaka iwe ile isiyokobolewa. Kiasi kiwe cha ngumi moja, si cha bakuli lililofurika. Na pamoja nayo ziwepo kunde na mboga nyingi, ili wanga usisafiri peke yake. Mafunzo hayo hayakuwa ya zahanati ile tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, lilishauri kwamba vyakula vya wanga vitokane hasa na nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde, na mtu mzima apate angalau gramu 400 za mboga na matunda na gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Nyuzinyuzi za nafaka zimo katika lile ganda ambalo mashine hulitupa na kuku hulifaidi.

Na kuku ndio waliowafundisha wataalamu somo hili. Katika kisiwa cha Java, miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa wali wa mchele mweupe uliokobolewa wakilegea miguu na kushindwa kusimama. Walipopewa mchele usiokobolewa walipona. Maradhi yao yalifanana na beriberi iliyokuwa ikiua watu wengi katika Asia. Ilidhihirika baadaye kwamba katika ganda la mchele kulikuwa na vitamini ambayo mwili hauwezi kuishi bila yake. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na mwenziwe wa Uingereza, Frederick Hopkins. Watu walikuwa wameusafisha mchele mpaka wakausafisha na uhai wao.

Waliporudi nyumbani asubuhi ile, mama aliuangua ungo ukutani. Alimimina mtama kidogo, akaketi kwenye kigoda, akaanza kupeta. Kisha alisema yale ambayo hakuyasema siku ya kwanza. "Mwanangu, mimi sikusoma kama ulivyosoma wewe. Lakini uchafu wa nafaka naujua, maana niliuona. Mwaka ule jirani zetu walikula mahindi yao wenyewe, meupe, mazuri kwa macho, wakageuka macho manjano, matumbo yakajaa, wakafa. Tangu siku hiyo punje haipiti katika mkono wangu bila ya kuulizwa."

Mwaka aliousema ulikuwa 2016. Mwaka huo watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua, na 20 katika hao wakafa. Kwanza ugonjwa ulikosa jina. Kisha ukajulikana kuwa ni sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu waotao katika nafaka na karanga zilizovunwa au kuwekwa zikiwa na unyevu. Kenya ilionja msiba huo mwaka 2004, watu 317 wakaugua na 125 wakafa. Sumu hii haina rangi kali wala harufu ya kuaminika, na moto wa jikoni hauiondoi. Dawa yake ni kazi ya mikono kabla ya jiko: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai wala si juu ya udongo mtupu, kukausha mpaka punje ikauke kweli, kuchambua punje zilizooza na zilizovunjika, na kuweka magunia juu ya chanja mahali pakavu. Hapa pana jambo ambalo wasifuo nafaka isiyokobolewa aghalabu hulisahau. Kuvu hukaa zaidi katika sehemu za nje za punje, kwa hivyo kukoboa hupunguza sehemu ya sumu. Sembe husamehe baadhi ya uzembe wa ghalani, dona haisamehi. Atakaye faida ya punje nzima budi ailinde punje nzima.

Wala nafaka, hata ikiwa nzima na kavu, haijitoshelezi. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliishi kwa mgao ambao sehemu yake kubwa ilikuwa mahindi. Karanga zilipokatika katika mgao huo, watu zaidi ya 17,000 waliugua pelagra, maradhi ya ngozi, tumbo na akili, yaletwayo na upungufu wa niasini. Wenyeji wa Meksiko waliokula mahindi karne nyingi hawakudhurika hivyo, kwa sababu waliyachemsha katika maji ya chokaa au majivu, na kazi hiyo huifungua niasini iliyofungwa ndani ya punje. Ulimwengu uliichukua mbegu yao, ukayaacha maarifa yao. Vivyo hivyo kuloweka, kuotesha kimea na kuchachusha togwa ni kazi za maana, maana hupunguza kile kinachozuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Bibi aliyekuwa akiotesha ulezi wa uji wa mjukuu hakujua jina la kemia, lakini aliijua kazi yake.

Wako pia watu ambao nafaka fulani ni adui yao wa kweli. Katika miaka ya 1940 na 1950 daktari Willem Dicke wa Uholanzi alithibitisha kwamba ngano ndiyo iliyowaumiza watoto wenye maradhi ya utumbo yaitwayo siliaki. Mtu wa namna hiyo aepuke ngano na shayiri maisha yake yote. Lakini hata yeye hakuzuiwa mtama, ulezi, mchele wala mahindi. Maradhi ya mtu mmoja ni sheria kwa mtu huyo. Hayawi sheria ya kijiji.

Mchana wa siku ile chakula kiliandaliwa. Ulikuwa ugali wa mtama usiokobolewa, kunde, na mlenda. Mama alimpimia mumewe kwa ngumi ya mumewe mwenyewe. Mzee alikitazama kipande kile, akatazama sufuria, akacheka. "Miaka yote hii nilikuwa nikila ngumi nne," alisema. Hakuna aliyembishia. Kwa siku zote zilizobaki za likizo binti aliketi karibu na kigoda cha mama yake akijifunza kupeta. Kazi ile huonekana nyepesi kwa asiyeifanya: mara ya kwanza alimwaga mtama na makapi pamoja, mara ya pili aliyahifadhi makapi pamoja na mtama. Mara ya tatu mkono wake ulianza kujua.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Hawakusema mbacha usikung'utwe. Nafaka yaingia katika chakula safi, lakini haiingii kwa jina lake tu. Huingia ikiwa imekauka, imechambuliwa, imebaki na ganda lake, imepimwa kwa ngumi, na imefuatana na wenzake katika sinia. Na ungo ndio uliolijua neno safi kabla halijafika mezani kwa watu wa mjini. Kazi yake si kutupa nafaka. Kazi yake ni kutenga kilicho chakula na kisicho chakula, punje kwa punje, na kuiacha iliyo njema mahali pake.